Hamali wa Seli na Sumu ya Muhogo

Mama anayeonja kipande cha muhogo na kukitema kwa uchungu wake anajiepusha na sianidi. Wengi hudhani kwamba sumu hiyo huharibu tumbo tu. Ukweli ni kuwa shabaha yake iko ndani ya seli, mahali ambapo chakula hugeuzwa kuwa nguvu.

Humo mna viwanda vidogo sana viitwavyo mitokondria, na ndani yake mna protini iitwayo saitokromu c. Kwa binadamu protini hii ina amino asidi 104, nayo imeshika chembe moja ya chuma. Kazi yake ni uhamali: hupokea elektroni iliyotokana na chakula, ikaivusha na kuikabidhi kwa protini kubwa zaidi, ambayo huikutanisha na oksijeni tunayovuta. Sianidi humnasa huyo mpokeaji. Basi hamali hubaki na mzigo wake, kazi yote husimama, na seli hukosa pumzi ilhali damu imejaa oksijeni.

Jambo hilo limepata kuonekana kwa macho. Mwaka 1925, huko Cambridge, Uingereza, David Keilin aliitazama hamira kwa chombo cha kuchambulia nuru. Hamira iliyotulia ilionyesha mistari ya giza, akiitikisa ipate hewa, mistari hufifia, akiiacha, hurudi. Alipotia sianidi, mistari haikufifia tena hata ilipotikiswa. (Daktari Charles MacMunn alikwisha kuiona mistari hiyo katika miaka ya 1880, lakini mabingwa wa Ujerumani walimbeza.)

Siku hizi maabara hutumia saitokromu c itolewayo katika mioyo ya farasi. Ikibeba elektroni huwa ya waridi na hufyonza sana nuru ya nanomita 550. Ikiipoteza, hugeuka kuwa ya hudhurungi. Mtaalamu huichanganya na mitokondria, akapima rangi inavyobadilika. Isipobadilika, mpokeaji amefungwa.

Wilayani Tarime, mwaka 1985, wakati wa ukame, watu waliofupisha maandalizi ya muhogo mchungu walipatwa na konzo, maradhi yanayopooza miguu kwa ghafla na yasiyopona. Muhogo wa namna hiyo humenywa, ukalowekwa siku tatu au zaidi hadi ulainike, maji yakamwagwa, ndipo ukaanikwa na kutwangwa. Katika siku hizo za kuloweka, sumu huvunjika, ikatokea majini na hewani.