Treni Ikikwama Polepole, Usikimbilie Mota Mpya

Wasee, wacha niseme tu: treni ndogo za zamani, zile za umeme za kuchezea, zinazikwa zikiwa hai. Ukiipunguzia stima inarukaruka, inasimama, unaisukuma na kidole. Basi mtu anasema mota imekufa. Mimi nasema, tafuta uchafu kwanza.

Najua mtauliza mtu wa Biliqo anajua nini kuhusu treni. Sawa, reli ya LAPSSET ya kupitia Isiolo ilizinduliwa Lamu Machi 2012 na huku bado hatujaona hata taruma. Lakini hizi treni, kama za Tri-ang za Uingereza za miaka ya 1950 na 1960, hutumia DC ya volti 12. Sisi watu wa sola DC tunaijua. Onyo tu: usiunge betri moja kwa moja bila fyuzi. Treni ikitoka relini inapiga shoti, na betri haina huruma.

Sasa, kwa nini shida inaonekana polepole? Ukiwasha yote, volti ni nyingi na mwendo wenyewe unaivusha pale pachafu. Ukipunguza, doa dogo kwenye gurudumu linatosha kukata stima.

Kwa hivyo fuata mpangilio. Pangusa reli na magurudumu kwa spiriti. Msasa hapana, unaacha mikwaruzo inayoshika uchafu zaidi. Halafu toa oili ya zamani, ile imegeuka kuwa gundi, uweke tone moja jipya. Njoo kwa brashi za kaboni: zimeisha? Spring imelegea? Chukua kijiti cha meno, safisha mianya ya ile shaba brashi zinapogusa.

Ikichechemea kila gurudumu likizunguka, hiyo si stima. Kuna kitu kimepinda ama gia imekaza.

Bado? Angalia sumaku. Ikichoka, mota inakula stima nyingi, inapata joto, na nguvu haina. Na usichomoe rota ovyo kwenye hizi mota za zamani, sumaku yenyewe inaweza kudhoofika. Hapo ndipo watu wengi huua mota iliyokuwa mzima.

Nakubali, mota ya zamani yenye koili tatu haitatambaa laini kama ya leo yenye tano. Lakini kutembea itatembea.

Kuna wanaosema niliacha chuo nikakaa na vitu vya watoto. Fresh. Lakini feni ndogo na redio ya kaseti zina mota ya aina hiyohiyo, na kila siku mtu anauziwa mpya kwa sababu fundi hakutaka kufungua skrubu mbili. Hiyo ni pesa yako. Na mota ya 1960 ukiitupa, hakuna kiwanda kitakutengenezea nyingine.

Kabla hujaniambia mota imekufa, nionyeshe gurudumu.