NDEGE YA SAFARI NDEFU: KABLA YA KULIPA NAULI TUULIZE NINI?



Siku hizi haupiti mwezi bila mwanachama mmoja au wawili kuja katika ofisi ya tawi kutuuliza neno hili: "Mtoto wangu amepata kazi Uingereza," au "Dada yangu aitwa Uarabuni," au "Ndugu yetu ameingia chuo Marekani, je, apande ndege ya kampani gani?" Zamani swali hili lilikuwa la mabwana wakubwa na wajumbe. Leo ni swali la gadi, la fundi wa karakana na la mtu wa kufagia stesheni. Kwa hiyo twaona inafaa tulijibu katika gazeti letu, maana nauli ya namna hii si pesa ya mchezo. Nyumba nyingi huuza ng'ombe, au hukopa katika ushirika, au hufanya harambee, ndipo tikiti moja ipatikane.

Wengi wakija huwa wamekwisha chagua. Wameangalia bei katika simu, wakaiona iliyo ndogo kuliko zote, basi, wamemaliza. Wengine wamechagua kwa sifa: kampani hii ina televisheni kubwa, ile ina chakula kizuri. Chakula cha ndege, kwa maoni yetu, ni chakula kidogo katika sahani ndogo, hata kampani iwe imepewa tuzo. Mtu hapandi ndege kwa ajili ya kuku. Sisi watu wa reli twajua ya kwamba gari halipimwi kwa mabehewa kupakwa rangi mpya. Hupimwa siku mambo yanapoharibika: injini imekufa usiku karibu na Mtito Andei, je, nani atakuja kuwachukua abiria?

Hilo ndilo swali letu la kwanza. Ndege ikikawia, au isipoondoka kabisa, ni nani aliye na deni la kukufikisha?

Tazameni Madaraka Express, lililoanza kazi mwaka 2017 kati ya Mombasa na Nairobi. Likifika Syokimau, liko gari dogo la kupeleka abiria mpaka stesheni ya mjini, na saa zake zimepangwa kwa kulifuata lile kubwa. Yote mawili ni kazi ya reli moja. Lakini mtu aliyepatana na dereva wa teksi amngoje saa mbili kamili, kisha gari likachelewa, hana madai juu ya reli wala juu ya teksi. Teksi imekwenda zake.

Na ndege ni vivyo hivyo. Safari ya mbali mara nyingi huwa na vipande viwili. Kutoka Nairobi wengi hubadili ndege Addis Ababa, Doha, Dubai, Istanbul au Amsterdam. Ukinunua tikiti moja kutoka Nairobi mpaka mwisho, na ndege ya kwanza ikachelewa ukaikosa ya pili, kampani ina wajibu wa kukutafutia nyingine bila nauli mpya. Tena mzigo wako kwa kawaida huandikwa kutoka hapa mpaka huko. Lakini ukinunua tikiti mbili mbalimbali, kwa sababu zikijumlishwa ni rahisi zaidi, umefanya kama yule mtu wa teksi.

Twajua habari ya binti wa mwanachama wetu mmoja, muuguzi. Alipata kazi ng'ambo, akauziwa na wakala tikiti mbili za kampani mbili. Pesa alizookoa zilikuwa karibu nusu ya mshahara wa mwezi wa babake, kwa hiyo hatuwezi kumcheka mtu kwa kuchagua hivyo. Ndege ya kwanza ilikawia saa nne. Alipofika mahali pa kubadili, ya pili imekwisha ondoka. Watu wa ndege ya kwanza wakamwambia, "Sisi tumekufikisha ulipolipia." Watu wa ndege ya pili wakasema, "Wewe hukutokea," na kwa kanuni zao asiyetokea hufutiwa safari yote, hata tikiti ya kurudi. Alilala sakafuni siku mbili. Hakuweza kutoka nje kutafuta kitanda, maana hakuwa na viza ya nchi ile. Huku nyumbani babake alizunguka karakana nzima na daftari mkononi, tukachanga, ikanunuliwa tikiti nyingine, ghali kuliko zile mbili pamoja. Na katika mambo hayo yote hakuna aliyevunja sheria. Ndiyo sababu twasema neno hili liulizwe kabla ya kulipa, kwa kuwa baada ya kulipa hakuna pa kulipeleka.

Wakala akisema, "Hii ni tikiti moja," msiridhike na maneno ya mdomo. Kila nafasi iliyowekwa ina nambari yake ya herufi na tarakimu sita. Mkiona nambari mbili katika safari moja, ulizeni sana, na jibu liandikwe.

Kadhalika ulizeni habari za viza ya mahali pa kubadilia. Mtu aweza kuwa na viza nzuri ya huko aendako na bado akazuiwa Nairobi. Kwa mfano, mwenye pasipoti ya Kenya akipita London kubadili ndege, kwa kawaida hutakiwa awe na viza ya kupita hata asipotoka nje ya kiwanja, isipokuwa ana mojawapo ya zile ruhusa nyingine wanazozikubali. Na aliye na tikiti mbili huenda akalazimika kuingia katika nchi ile ili achukue mzigo na kuuandikisha upya. Rahisi imekuwa ghali tena.

Liko jambo jingine ambalo wanachama wengi hawalijui, nalo lina thamani ya fedha. Umoja wa Ulaya una Sheria Na. 261 ya mwaka 2004. Kwa sheria hiyo, ndege ikifutwa ghafula, au ikifika imechelewa sana, abiria wa safari ya zaidi ya kilomita 3,500 aweza kudai fidia mpaka euro 600, na wakati wa kungoja apewe chakula na mahali pa kulala. Uingereza ilipotoka katika Umoja ilibaki na sheria ya namna hiyo hiyo, kwa fedha yake, paundi 520. Sasa sikilizeni vizuri. Sheria hizo humlinda kila mtu anayeondoka katika viwanja vya huko, hata akiwa katika ndege ya Kenya au ya Uarabuni. Lakini anayeondoka Nairobi kwenda huko hulindwa ikiwa tu ndege yenyewe ni ya kampani ya huko. Watu wawili waweza kuondoka Nairobi usiku mmoja kwenda Amsterdam, mmoja katika ndege ya KLM na mwingine katika ndege ya Kenya Airways. Ndege zote mbili zikichelewa saa tano kwa kuharibika mtambo, wa kwanza ana dai la euro 600, na wa pili hana dai hilo. Tena jina lililoandikwa juu ya tikiti halitoshi, maana kampani za ndege huuziana nafasi, kama vile reli moja inavyoweza kuvuta mabehewa ya reli nyingine. Tazameni ni nani anayeiendesha ndege siku ile.

Hali mbaya ya hewa haimo katika fidia hiyo. Lakini mgomo je? Hapa wana chama watafurahi kidogo. Marubani wa kampani ya SAS ya Skandinavia waligoma mwaka 2019 kwa kufuata sheria, na kampani ikakataa kuwalipa abiria, ikisema mgomo ni jambo lililo nje ya uwezo wake. Mwaka 2021 mahakama ya Umoja wa Ulaya iliamua kinyume: kugombana na wafanyakazi wake juu ya mshahara ni sehemu ya kazi ya kila siku ya tajiri, kwa hiyo alipe.

Kwa upande wa mizigo hakuna tofauti kubwa, kwa kuwa Kenya na nchi nyingi zimo katika Mapatano ya Montreal ya 1999. Tangu 28 Desemba 2024 kipimo cha juu kwa mzigo uliopotea, ulioharibika au uliochelewa ni kama dola 2,000 za Marekani kwa abiria mmoja. Dai la mzigo ulioharibika liandikwe kabla ya siku 7, la uliochelewa kabla ya siku 21 tangu ulipoupokea. Kupiga kelele kwenye kaunta si dai. Andikeni.

Sasa tuje kwa wafanyakazi wa ndege wenyewe, maana gazeti hili si la mawakala. Wengine hutuambia, "Msipande ndege ya kwetu, hawa hugoma." Ni kweli marubani wa Kenya Airways waligoma Novemba 2022, wakidai mchango wa akiba yao ya uzeeni urudishwe, na abiria wengi wakakwama. Ni kweli pia tarehe 11 Septemba 2024 wafanyakazi wa kiwanja cha Nairobi waliweka vyombo chini kwa kupinga kiwanja kukodishwa kwa kampani ya Adani ya India. Lakini siku ile ya Septemba ndege za kila taifa zilikwama, na baadaye mwezi wa Novemba mwaka ule ule Serikali iliyafuta mapatano hayo. Mtu akichagua kampani kwa sababu wafanyakazi wake hawawezi kugoma, na ajiulize amechagua nini hasa.

Maana ziko kampani ambazo ndege zake hung'aa na watu wake wamefungwa mdomo. Katika Falme za Kiarabu sheria haina nafasi ya chama cha wafanyakazi. Katika Qatar ruhusa hiyo ni ya wenyeji tu, na wanaohudumu ndani ya ndege wengi ni wageni, na Wakenya wamo. Mwaka 2015 Shirika la Kazi Duniani lilikubali malalamiko ya vyama vya wafanyakazi ya kwamba serikali ya Qatar iliiacha Qatar Airways iwabague wanawake, kwa mikataba iliyoruhusu mhudumu kuachishwa kazi akishika mimba. Masharti hayo yalilegezwa baadaye, na yaliyolegeza ni kelele za vyama vya nchi nyingine. Hatusemi mtu asipande ndege hizo. Mama anayekwenda kazini Doha hatuwezi kumwambia apitie Paris. Lakini bei zikikaribiana, na njia zikilingana, sisi twaona fedha ya mfanyakazi iende mahali ambapo mfanyakazi aweza kusema.

Je, ndiyo kusema tupande Kenya Airways sikuzote? Reli na ndege zilikuwa ndugu: tangu 1967 zilikuwa mashirika ya Jumuiya moja ya Afrika Mashariki, na Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 kila nchi ikachukua vyake, nayo Kenya Airways ikaanzishwa mwaka ule ule. Kwa hiyo moyo huvuta. Kwa London au New York hasa twaipendelea, kwa sababu huenda moja kwa moja bila kubadili. Ile ya New York ilianza 28 Oktoba 2018, na kwenda ni saa 15 hivi. Mama mzee, au mtu ambaye hajapata kusafiri, au mwenye mtoto mchanga, msimtafutie safari ya vipande viwili kwa kuokoa kidogo. Lakini ikiwa ya kwetu yataka abadili ndege na ya wengine haimbadilishi, mapenzi ya nyumbani yasimlaze mtu sakafuni.

Ndege yenyewe nayo yafaa kuulizwa aina yake. Hewa ya ndani hupunguzwa. Katika ndege za namna ya zamani ni kama mtu amekaa Molo usiku kucha. Katika Boeing 787 ni kama amekaa Nairobi, akipanda kidogo kuelekea Kikuyu. Aliyepata kulala zamu Molo anajua tofauti hiyo kichwani mwake. Na kukaa bila kujinyosha zaidi ya saa nne huongeza hatari ya damu kuganda miguuni. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2007 ya kwamba hatari hiyo huwa mara mbili hivi. Mtu asione haya kusimama na kutembea.

Mwisho ni habari ya wale wanaopelekwa kazini Uarabuni na mawakala wa kazi. Hao mara nyingi hawachagui ndege, huchaguliwa. Tikiti hupewa mlangoni pa kiwanja, usiku, hakuna wakati wa kusoma. Tusikubali hivyo. Mtu aidai tikiti yake mapema, atazame jina lililoandikwa kama ni sawasawa na la pasipoti, aulize ni nani aliyelipa, na kama nauli hiyo itakatwa katika mshahara wake huko. Aulize pia nauli ya kurudi ni juu ya nani, na jibu liwe ndani ya mkataba. Nakala ya tikiti na ya mkataba ibaki nyumbani, na nyingine hapa chamani, tupate kujua alikwenda kwa ndege gani, siku gani, na kwa mkono wa nani.

Ofisi ya tawi iko wazi kila Jumanne na Alhamisi baada ya zamu ya mchana. Anayetaka kutazamiwa safari na alete karatasi ya bei aliyopewa na wakala, kabla hajalipa.