Moteri ndani ya parseli: nani ni shefu wa usalama kwako?

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama wa nyumba,

Kila Jumamosi, ukipita Kadutu, Bagira ama Ibanda, utaona moteri ya motokari imefunguliwa ndani ya parseli. Pistoni zimepangwa juu ya gunia, na vijana wamemzunguka fundi. Mara nyingi fundi huyo ni mtu wa kampani. Amenunua Land Cruiser ya zamani na anataka kuirudishia nguvu: segma mpya, kilasi iliyonyooshwa, na turbo juu yake. Tunamwelewa. Kwa milima yetu na barabara zetu, mwenye moteri dhaifu hafiki mbali.

Wako wanaosema: kazi hii ikatazwe, kila mtu apeleke motokari yake garaje. Mimi sikubali. Garaje inaomba pesa nyingi, na mikono ya fundi wetu ina akili. Lakini ninasema hivi: hatari ya parseli haitoki kwa kutojua moteri. Inatoka kwa sababu nyumbani hakuna shefu wa usalama.

Fikiri vizuri. Mgodini unavaa kofia ngumu, buti na glavu. Shefu akisema «Simama», unasimama. Nyumbani, mtu yule yule anavaa kandambili, anatundika moteri ya zaidi ya kilo 200 kwa kamba juu ya tawi la mti wa avoka, na mdogo wake anaingia chini kuiongoza kwa mkono. Nani atamwambia asimame?

Mambo manne yashikwe.

La kwanza ni moshi. Kuanzia Septemba mpaka Mei mvua hainyamazi, basi watu wanasukuma motokari ndani, wanafunga mlango na kujaribu moteri. Moshi ule una gesi ya monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu. Ni gesi ile ile ya mbabula ya makala ndani ya chumba kilichofungwa. Inachukua nafasi ya hewa ndani ya damu. Mtu anaumwa kichwa, anatapika, anasinzia, na anaweza kufa akizani ni uchovu tu. Wachimba makaa wa Uingereza walishuka na ndege kanari ndani ya kizimba mpaka mwaka 1986: ndege akianguka, watu wanakimbia. Kwako hakuna kanari. Wa kwanza kuanguka atakuwa mtoto aliyelala chumba cha nyuma. Moteri iwashwe inje tu.

La pili ni esanse. Usiinyonye kwa mpira na mdomo. Usiiweke ndani ya chupa ya Fanta, kwa sababu mtoto anajua chupa ya Fanta ni ya kunywa. Akiinywa, usimtapishe, na usimpe maziwa wala mawese. Akitapika, esanse inaweza kuingia mapafuni, na hapo ndipo inapoua. Mvue nguo zilizolowa, mpeleke kwa muganga mara moja, hata kama anacheka. Tena, usioshe vyuma kwa esanse. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa; unatambaa chini mpaka ukutane na mbabula ya jirani. Nyumba zetu nyingi ni za mbao na zimebanana: moto wa nyumba moja ni moto wa avenyu nzima. Oshea kwa mazutu, nayo pia mbali na moto. Wala mikono isioshwe kwa esanse. Ndani yake kuna benzeni, inayoweza kuleta kansa ya damu. Mawese kidogo, halafu sabuni, vinatosha.

La tatu ni maji ya radiateri. Hapa Bukavu, kwenye urefu wa karibu metre 1.500, maji ya sufuria yanachemka karibu na digri 95. Ndani ya radiateri iliyofungwa yanabanwa, hata yanapita 100 bila kuchemka. Ukifungua kifuniko, yanageuka mvuke palepale na kukurukia usoni. Ngoja mpaka radiateri ipoe mkononi. Aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi kwa dakika 20. Si dawa ya meno, si yai, si mafuta.

La nne ni uzito. Kriki inainua, haishikilii. Weka magogo imara chini ya motokari kabla ya kuingia. Moteri itundikwe kwa palani na nguzo zenye nguvu, si kwa kamba na tawi. Ikiwa hewani, hata mtu mmoja asipite chini yake.

Sasa, nani awe shefu? Mimi ninasema: mama wa nyumba. Wengine watacheka: mwanamke aamrishe fundi? Ndiyo. Fundi anaangalia moteri. Lazima awepo mtu wa kumwangalia fundi. Mama, si lazima ujue segma ni nini. Ujue maneno manne: inje, mbali na moto, ipoe kwanza, hakuna mtu chini. Na watoto wasikaribie. Ukisema «Simama», funguo ziwekwe chini, hata kama ni siku ya kuwasha na majirani wote wamekuja kusikiliza turbo.

Na kampani yetu nayo isiseme: mambo ya parseli hayatuhusu. Aliyevunjika mgongo Jumamosi nyumbani hatakuwa kazini Jumatatu. Pengo lake ni lile lile. Ninaomba palani moja ya kukopesha mwisho wa juma, na pipa la kupokea mafuta chafu ya moteri. Bukavu ni mteremko: yanayomwagwa mtaroni juu, mvua inayashusha mpaka Ziwa Kivu, na yako majumba yanayochota maji huko.

Basi, ndugu, Jumamosi hii, kabla ya kufungua skrubu ya kwanza, mwite bibi yako na umwambie mbele ya vijana wote: leo wewe ndiwe shefu.

Muganga msaidizi wa dispanseri