Kiingereza kwa Watoto Wetu: Tusiwakaririshe Maneno Matupu

Ndugu Waislamu, watoto wetu wa Mpanda husoma shule za msingi za serikali kwa Kiswahili, kisha sekondari huwapokea kwa Kiingereza. Mwenye akili ya Biolojia huonekana mjinga, ilhali swali lenyewe hakulifahamu.

Wako wanaoihofia lugha hii. Zaid bin Thabit (r.a.) aliamriwa na Mtume (s.a.w.) ajifunze maandishi ya Mayahudi, naye akajifunza.

Lakini haitoshi kukariri orodha ya maneno. Wanafunzi wa Kiarabu wanajua: raghiba fii ni kutaka, raghiba an ni kuchukia. Kiingereza nacho, look for ni kutafuta, look after ni kutunza. Neno halisomwi peke yake. Husomwa pamoja na wenzake. Stesheni, tiketi na injini, wazee wetu waliyapokea relini kwa kuyatumia, si kwa kuyakariri.

Hivyo twapendekeza kila madrasa itenge nusu saa kwa juma, na vijana wa sekondari wawafunze wadogo zao sentensi kamili tano tano: za kuuliza bei, kuomba ruhusa, kumweleza daktari maumivu. Ubao na chaki tunavyo tayari. Linalotakiwa ni nia.

Wabillahi tawfiq.