Santuri kwa Pauni Laki Moja

 

Ndugu msomaji, iko sahani ndogo ya santuri, upana wake inchi saba, iliyopigwa chapa mwaka 1965 na kampuni ya Motown ya mji wa Detroit, Marekani. Mwimbaji wake ni Mmarekani mweusi, Frank Wilson. Zilitolewa nakala za majaribio, kisha kampuni ikaghairi kuiuza na nakala zile karibu zote zikaharibiwa. Zilizosalia na kujulikana zahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Mwaka 2009 moja iliuzwa Uingereza kwa pauni 25,742. Mwaka 2020 ikatangazwa kuwa nakala imeuzwa kwa pauni 100,000. Si makosa ya mpiga chapa. Ni pauni laki moja, kwa sahani yenye nyimbo mbili.

Utaniuliza: Wewe sheikh, wakuhusu nini mambo ya santuri za Marekani? Yanihusu kwa sababu mtoto wako leo aweza kukaa barazani na simu yake mkononi akanunua na kuuza vitu kama hivi kwa watu asiowajua, na hapana aliyemfundisha hukumu zake. Tena yanihusu kwa sababu waliodhulumiwa katika habari hii ni watu weusi, ambao babu zao walitolewa Afrika kwa minyororo, na miongoni mwao wamo ndugu zetu katika dini.

Wala usidhani nitakusomea hapa hukumu ya muziki. Wanavyuoni wamekhitalifiana tangu zamani. Wako walioharimisha, na wako kama Ibn Hazm na Imam Ghazali walioruhusu, huyu wa pili kwa masharti yake. Kila msomaji na afuate anayemwamini. Mimi nasema juu ya mambo ambayo hapana wanavyuoni wawili waliokhitalifiana: israfu, udanganyifu katika biashara, na haki ya mja.

Sharti kwanza tujue ugonjwa huu ulianzia wapi. Miaka ya 1960 na 1970, katika miji ya viwanda ya kaskazini ya Uingereza, vijana wa Kizungu, watoto wa wafanyakazi, walizipenda mno santuri za soul za Wamarekani weusi, na hasa zile ambazo kwao hazikuuzika. Dave Godin, mwandishi aliyekuwa na duka la santuri London, ndiye aliyeupa mtindo huo jina la Northern Soul. Walikesha wakicheza Twisted Wheel mjini Manchester, halafu Wigan Casino, iliyoanza mikesha yake mwaka 1973 ikafungwa 1981. Pombe humo haikuuzwa katika mikesha ile; lakini usifurahi upesi, kwani wengi walimeza vidonge vya kufukuza usingizi. Na mpiga santuri aliyekuwa na sahani ambayo mwenzake hana, huyo ndiye aliyejaza ukumbi. Basi wakawa wanavuka bahari kwenda Marekani, wakipekua maghala na maduka yaliyofilisika, wakizoa kwa senti sahani ambazo baadaye ziliuzwa kwa mamia na maelfu ya pauni.

Hapo ndipo palipoharibika. Kitu kikawa na thamani, si kwa uzuri wake, bali kwa kuwa mwenzako hana. Na ushahidi ni wimbo ule ule wa Frank Wilson. Mwaka 1979 kampuni yake yenyewe iliutoa rasmi Uingereza, ukauzwa madukani kwa bei ya santuri yoyote. Atakaye kuusikia, tangu siku hiyo ausikia kwa pesa kidogo. Siku hizi ausikia hata bila ya pesa. Basi yule aliyetoa pauni laki moja amenunua nini? Sauti hakuinunua, kwa kuwa sauti anayo kila mtu. Amenunua kule kusema: Mimi ninayo na wewe huna. Hii ni tafakhuri, na mali iliyotumiwa kwa tafakhuri ni israfu, sawasawa mwenyewe akiwa Muislamu au si Muislamu.

La pili ni udanganyifu wa wapiga santuri hao. Mtu akipata sahani adimu, hufunika ile karatasi ya katikati yenye jina la mwimbaji, akatangaza jina jingine la uongo ili washindani wake wasijue pa kuitafuta. Sahani hiyo ya Frank Wilson yenyewe ilipigwa Wigan kwa jina la mwimbaji mwingine, Eddie Foster, na kwa jina hilo zikapigwa nakala za wizi. Wanafunzi wa elimu ya hadithi wanalijua jambo hili kwa jina lake: ni tadlis, kumficha mpokezi wa kweli. Kwetu sisi mtu akijulikana kwa tadlis riwaya yake hutiliwa shaka. Kwao ulikuwa ni ujanja wa kazi na watu wakausimulia kwa kicheko. Na hizo nakala za wizi, anayezipiga na anayeziuza hali ajua, wote wawili wamekula mali ya mtu, na ni deni shingoni mwao hata mwenyewe awe ng'ambo ya bahari.

Lakini nataka kuwa mwadilifu. Katika wakusanyaji hawa wamo watafiti ambao bidii yao yastaajabisha. Mmoja huishika sahani juani akaisoma pale karibu na katikati, ambapo sindano humaliza safari yake, penye tarakimu zilizokwaruzwa kiwandani. Akiona pembetatu ndogo yenye nambari, ajua kuwa imepigwa kiwanda cha Monarch cha Los Angeles, na kwa nambari ile akadiria wakati wake. Ajua nani alipiga ngoma na nani alipiga gitaa katika nyimbo ambazo kampuni haikuandika majina yao. Wale wapigaji wa Motown waitwao Funk Brothers, walioshiriki katika nyimbo chungu nzima zilizozunguka dunia, hawakuandikwa majina juu ya jalada mpaka mwaka 1971, katika santuri ya Marvin Gaye iitwayo What's Going On. Kazi ya kuyatoa majina kama hayo gizani, wallahi, yakaribia ile ya wanavyuoni wetu walioandika habari za wapokezi mmoja mmoja. Natamani wanafunzi wangu wangekuwa na nusu ya subira hiyo.

Na hapa ndipo hoja yangu ilipo. Mkusanyaji husema: Sisi ndio tuliohifadhi majina yao, lau si sisi wangesahauliwa. Kweli. Lakini elimu ni hoja juu ya mwenye nayo. Asiyejua ana udhuru. Wewe umelijua jina la mwimbaji, umejua mtaa wake, umejua kama yu hai au amekufa na ameacha watoto, na umejua kuwa hakulipwa. Umeyajua yote haya kwa ajili ya kupandisha bei ya sahani yako! Fikiri uadimu ule umetoka wapi. Santuri ni adimu kwa sababu haikuuzika, na kutouzika kwake ni hasara ya mtu aliyeimba akitaraji riziki, kisha akarudi kwenye kazi yake ya kiwanda. Leo hasara yake ndiyo faida yako. Ikiuzwa mara kumi mkono kwa mkono, yeye hapati hata senti.

Wala usiseme sheria iliwalinda. Rekodi za Marekani zilizofanywa kabla ya tarehe 15 Februari 1972 hazikuwa chini ya sheria ya taifa zima. Ziliachiwa sheria za kila jimbo mpaka mwaka 2018. Na mpaka leo redio za kawaida za huko humlipa mtunzi wa wimbo, ama mwimbaji hawamlipi. Hata wenye kampuni walinaswa: Stax ya Memphis, iliyotoa santuri za Otis Redding, iligundua mwaka 1968 kuwa mkataba iliotia sahihi mwaka 1965 ulikuwa umeipa kampuni ya Atlantic milki ya rekodi zake. Ikiwa tajiri mwenye kampuni alitiwa katika mtego huo, kijana wa miaka kumi na minane aliyetia sahihi karatasi asiyoielewa je?

Sisemi kuwa biashara ya santuri kuukuu ni batili. Aliyenunua sahani ya halali ni yake, na akiuza ameuza chake. Wala simpi mtu faradhi ambayo sheria haikumpa. Nasema kuwa mwenye kupata faida ya pauni elfu kwa kazi ya mzee aliye hai, na jina lake alijua, asimpelekee chochote, huyo moyo wake una kutu. Na Sura ya al-Mutaffifin haikuteremka kwa wauza nafaka peke yao.

Na wasituambie haiwezekani, kwani wako waliofanya. Kent, tawi la kampuni ya Ace ya London, tangu mwaka 1982 hutoa nyimbo hizi za kale kwa ruhusa ya wenyewe. Numero Group ya Chicago, iliyoanzishwa 2003, ilianza kwa kumwendea Bill Moss wa Columbus, Ohio, mwenye kampuni ndogo iitwayo Capsoul iliyokwisha kusahauliwa, ikafanya naye mapatano na kuzitoa upya nyimbo zake mwaka 2004. Hawa walitafiti kama wale wengine. Tafauti ni kwamba walipofika mlangoni kwa mwenye mali walibisha hodi.

Tazama tena mtu anapomiliki kazi yake hufanya nini. Kenny Gamble wa Philadelphia, ambaye jina lake la Kiislamu ni Luqman Abdul Haqq, aliunda na mwenzake Leon Huff kampuni yao wenyewe mwaka 1971. Mali ilipomjia alirudi katika mtaa wa mafukara wa kusini ya mji alikozaliwa, na kwa jumuiya iitwayo Universal Companies zikajengwa nyumba na kusimamiwa shule. Ni wangapi mfano wake ambao hatutawajua, kwa kuwa haki yao ilibaki katika kabati la mtu?

Sasa nirudi kwako, uliye Mombasa, Lamu, Tanga au Unguja. Santuri za Kiswahili nazo zina wakusanyaji wake. Siti binti Saad alisafiri mpaka Bombay mwaka 1928 kuimba kwenye santuri, na hapa Mombasa akina Assanand walitoa sahani nyingi za waimbaji wetu. Huenda ziko sahani katika sanduku la marehemu bibi yako, na huenda siku moja akaja mgeni mwenye adabu nzuri, akazitaka zote kwa noti mbili tatu. Usimfukuze, na usimuuzie siku hiyo. Muulize ni ipi anayoitafuta hasa, na huko kwao yauzwaje. Muulize kama akitaka kuutoa wimbo upya atamlipa nani, na jina la mwimbaji ataliandika vipi. Akisema mwimbaji hajulikani, mshike mkono umpeleke kwa wanawe. Huku si Detroit; twajuana mtaa kwa mtaa.