Tahadhari: Mlipuko Ukija, Kesi Isizikwe Rumande

Ikiwa una mtu wako rumande, au mwanao hushinda barabarani akisaka riziki, soma haya leo. Usingoje tangazo la karantini.

Machi 15, 2020, Jaji Mkuu David Maraga alitangaza kwamba shughuli za mahakama nchini Kenya zingepunguzwa kwa sababu ya korona. Mahabusu hawakuletwa tena kortini, na waliokamatwa upya wakaachiwa polisi washughulikiwe vituoni, isipokuwa wenye makosa mazito. Nia ilikuwa kuokoa maisha, na hilo silipingi. Lakini Machi 27 kafyu ikaanza. Mlango wa korti ulikuwa umeegeshwa, na polisi nao wakawa wanakamata watu kila jioni.

Siku zile nilisimama nje ya kituo kimoja cha polisi huku Pwani pamoja na mama mmoja aliyeshika chapati mbili zilizofungwa kwa gazeti. Mwanawe alikuwa ndani siku ya tatu kwa kukutwa nje saa za kafyu. Kila alipouliza atapelekwa kortini lini, askari wa zamu alimjibu, "Mama, korti zimefungwa." Chapati zikapoa, akarudi nazo nyumbani. Na jibu lile halikuwa kweli! Korti zilipunguza kazi. Mambo ya dharura yaliendelea kusikilizwa.

Mpox iliingia Kenya Julai 2024. Ebola ikazuka Kampala Januari 2025. Mlipuko mwingine utakuja, na jibu lile lile litatolewa langoni.

Katiba ya 2010 haina likizo ya ugonjwa. Kifungu cha 49 kinataka aliyekamatwa afikishwe kortini ndani ya saa 24, au siku ya korti inayofuata iwapo saa hizo zitaishia nje ya muda wa kazi. Kosa ambalo adhabu yake ni faini tu, au kifungo kisichozidi miezi sita, halimweki mtu rumande. Kifungu cha 50 kinataka kesi ianze na imalizike bila kucheleweshwa ovyo, na cha 25 kinasema haki ya kuhukumiwa kwa haki haiwekewi mipaka. Hakimu naye haruhusiwi kuahirisha kesi ya aliye rumande kwa zaidi ya siku 15 kwa mara moja.

Najua shahidi anaweza kuwa karantini, hakimu naye akaugua. Basi kesi isogezwe, lakini hadi tarehe inayojulikana. "Mpaka mtakapotangaziwa" si tarehe. Tena seli iliyosongamana inaulea ugonjwa wenyewe. Ndiyo maana Aprili 2020 Mahakama yenyewe iliwaachilia maelfu ya wafungwa wa makosa madogo.

Kwa hiyo, mtu wako akikamatwa, andika siku, saa na jina la kituo. Omba bondi ya polisi, na ujue kwamba bondi haitozwi hata shilingi. Saa 24 zikipita, mtafute wakili au ofisi ya msaada wa kisheria ya serikali, ili Mahakama Kuu iombwe kuamuru aletwe mbele ya jaji. Ukiambiwa korti zimefungwa, omba kuonyeshwa tangazo. Na usiondoke langoni kabla hujapewa nambari ya OB, kitabu cha matukio cha polisi.