Mwalimu wa Mtambo

Tulipokuwa chuoni twasoma alifu kwa kijiti, mwalimu alikuwa na heshima yake, na ada yake ilimfika hata kutoka kwa mzazi hohehahe.

Nairobi kuna walimu wengine: vijana wa mitaa kama Kibera na Kawangware, wakaao mbele ya kompyuta wakiuonyesha mtambo kuwa hili ni gari, huyu mtu, huu mti. Gari lijiendeshalo ng'ambo hupata akili hivyo. Wengine walisomeshwa kutwa maneno ya unajisi (nami sitayataja hapa) ili ChatGPT ijue la kuepuka. Gazeti la TIME lilieleza Januari 2023 kuwa walitia mfukoni baina ya dola 1.32 na 2 kwa saa.

Husemwa kazi mbovu yashinda kukaa barazani. Nakubali, kodi ya chumba haingoji. Lakini hainiingii akilini mwanafunzi awe tajiri wa dunia, na mwalimu wake angali anunua maji kwa mtungi.

Basi wenye mitambo na wamlipe haki yake. Na yule aliyesomeshwa uchafu hata usingizi ukamruka, tabibu wake ni juu yao, wala wasiite hisani.